Kupima vimeng'enya vya ini Ngamiani, Tanga: uzoefu wangu

Nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Niliambiwa mwaka 2019 nilipokwenda kuchangia damu, na tangu hapo napima ini kila baada ya miezi sita. Safari mbili za mwisho nimepima kwenye maabara moja binafsi hapa Ngamiani, na nina mazuri na mabaya ya kuwaeleza wenzangu wenye hali kama yangu.

Kazi ya damu wanaijua. Safari hii nilishatoka, natafuta bajaji ya kunirudisha Makorora, kijana wa maabara akanifuata mbio. "Mama, samahani, naomba urudi. Sampuli imeharibika." Akanionyesha kichupa alichokitoa kwenye mashine ya kuzungushia damu. Maji ya juu, ambayo hutakiwa kuwa ya njano kama mafuta ya alizeti, yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Akanieleza kuwa seli nyekundu zikipasuka, AST iliyomo ndani yake (kimojawapo cha vimeng'enya, yaani protini za kuendesha kazi za mwili, vinavyopimwa kujua hali ya ini) humwagika, kipimo kikapanda na ini likasingiziwa. Akanitoa damu upya, mkono wa pili, taratibu, bila kunidai hata shilingi. Angenyamaza nisingejua. Kijana yule Mungu amzidishie.

Majibu yalitoka saa 9 alasiri: ALT, kimeng'enya kingine cha ini, 29; AST 44; na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 128. Hapa ndipo waliponiangusha. Dada wa kaunta alitupia jicho karatasi akasema, "Hongera mama, ini limepona! Mara ile ALT ilikuwa 78." Nilimpigia binti yangu simu palepale barabarani, nikalia kwa furaha.

Kesho yake daktari aliisoma karatasi ileile, akakaa kimya kwanza. Kisha akanieleza kwamba ALT huvuja seli za ini zinapoumia, ila ugonjwa wa miaka mingi ukishaacha makovu, ALT inaweza kushuka hadi kiwango cha kawaida na ini likawa bado linaharibika. Yeye aliangalia AST kuizidi ALT, na chembe sahani kuwa chini ya 150. Makovu yakibana damu inayopita kwenye ini, bandama huvimba na kuzizuia chembe sahani humo.

Akatoa simu akapiga hesabu mbele yangu: 44 gawanya kwa 40, ambacho ni kiwango cha juu cha AST kwenye maabara ile, zidisha kwa 100, gawanya kwa 128. Ikaja 0.86. Hesabu hiyo inaitwa APRI, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unachukua kinachozidi 0.5 kwa mtu mzima kuwa ishara ya makovu yanayostahili dawa. Nimeshapigwa ultrasaundi, na dawa ya virusi hivi, tenofoviri, nimeanza.

Sasa fikiria AST ile ingetoka kwenye kile kichupa chekundu! Hesabu yote ingekuwa ya uongo. Ndiyo maana nitarudi kwao. Ila namwomba mwenye maabara, kaunta wakabidhi karatasi tu, wasitoe hukumu. Nanyi wenzangu, mkiagiziwa kipimo cha ini ulizeni kama na chembe sahani zimo, na karatasi za zamani msitupe. Zangu zote ziko kwenye bahasha moja ya kaki, na daktari alizitaka zote.