Vifaa vya Gereji Ambavyo Fundi Hakubali Kuvikosa: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Fundi anayemaliza uanagenzi na kuanza kujitegemea huwa na fedha za kununua vitu vichache tu, huku maduka ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, yakimwonyesha masanduku ya vipande zaidi ya mia moja kwa bei inayovutia. Masanduku hayo ya bei rahisi ni vyema yaachwe dukani. Vifaa vimepangwa hapa kwa kigezo kimoja: kile ambacho kikipotea leo jioni kesho asubuhi kazi haianzi ndicho kinachostahili fedha ya kwanza, na ambacho jirani anaweza kukuazima kwa nusu saa kinaweza kusubiri.

1. Soketi za kona sita na racheti yake

Soketi ni kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha bolti au nati, na racheti ni mpini wake, unaoshika ukienda upande mmoja na kurudi bure upande wa pili. Hapa ndipo penye kazi kubwa ya fundi na ndipo pa kutumia fedha bila kubana. Magari mengi ya Japani yanayotembea katika barabara zetu yana bolti zenye vichwa vya milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu ya Toyota kwa kawaida ni 21. Anayehudumia Volkswagen, BMW au Mercedes ataongeza 13, 15, 16 na 18. Kwa hiyo seti ya saizi hizi zinazotumika kila siku ina faida kuliko sanduku lililojazwa saizi za inchi, biti za bisibisi na vipande ambavyo havitatoka mahali pake mpaka vishike kutu. Kampuni ya Snap-on ilianza nchini Marekani mwaka 1920 kwa kuuza mipini 5 na soketi 10 zinazobadilishana, na hesabu hiyo haijapitwa na wakati: mipini michache mizuri inatosha.

Namba 10 inunuliwe zaidi ya moja, fupi na ndefu. Ndiyo inayofungua vishikio vya betri na vifuniko vingi vya juu ya injini, na ndiyo hiyo hiyo inayodumbukia katikati ya mabomba na isionekane tena.

Sababu ya kusisitiza kona sita ni kwamba soketi ya kona kumi na mbili huishika nati karibu na ncha zake, na nati iliyoshika kutu ikiminywa nchani huliwa kona. Ikishaliwa, kazi ya dakika tano inageuka kazi ya tindo na nyundo, na mwenye gari amesimama pembeni anatazama. Ukiwa dukani, chungulia ndani ya soketi: iliyotengenezwa kwa uangalifu ina kona zilizolegezwa kidogo ili nguvu ianguke kwenye ubavu wa nati. Nenda na bolti moja ya 10 na nyingine ya 14 mfukoni uzijaribu hapo hapo. Soketi inayocheza juu ya bolti mpya haitashika bolti kuukuu.

Racheti nayo ina kipimo chake. Yenye meno 72 husogea nyuzi 5 kwa kila mlio, wakati yenye meno 24 inahitaji nyuzi 15, tofauti ambayo haionekani mezani lakini inaonekana mara moja mkono ukiwa nyuma ya injini ambako mpini hauna pa kuzungukia. Anza na ile ambayo kichwa chake cha kuchomekea soketi ni cha inchi tatu kwa nane. Kwa nati ngumu nunua mpini mrefu wa nusu inchi usio na racheti, kwa sababu anayechomeka bomba kwenye racheti anavunja meno yake kwa hiari. Na endapo gereji ina mashine ya upepo ya kufungulia magurudumu, itumie soketi nyeusi za kromu na molibdeni. Zile zinazong'aa zinaweza kupasuka na kurusha vipande.

2. Spana za rinji upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili

Kuanzia 8 hadi 19 bila kuruka hata moja, maana seti nyingi za bei ya chini huruka 15, 16 au 18. Upande wa rinji ndio wa kufungulia na wa kukazia mwisho. Mdomo wazi ni wa kuzungushia haraka tu.

3. Multimita

Wengine wataishusha chini mita hii ya kupimia umeme, lakini gari za leo hulala gerejini kwa ajili ya umeme mara nyingi kama zinavyolala kwa ajili ya injini. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, alteneta nzima, yaani mtambo unaochaji betri, huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kwa namba hizo mbili pekee fundi anamwokoa mteja asinunue betri asiyoihitaji. Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo kando ya tundu la ampea 10: mita nyingi za bei ya chini zimeandikwa wazi kwamba tundu hilo halina fyuzi, na hizo ziachwe.

4. Plaizi ya kujifunga

William Petersen, mhunzi wa DeWitt katika jimbo la Nebraska, aliipatia hataza mwaka 1924 ile yenye mpini unaojifunga, na mpaka leo ndiyo inayong'oa bolti iliyoliwa kona na kushikilia bati linalochomelewa. Nunua ya inchi 10 yenye taya zilizopinda.

Stendi za kusimamishia gari sikuzipa namba kwa makusudi. Asiyekuwa nazo asiingie chini ya gari, hata kama jeki ni mpya na mteja ana haraka.

5. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza

Toyota Corolla nyingi huelekeza nati za magurudumu zikazwe kwa nyutoni-mita 103, kipimo ambacho mkono haukikisii sawasawa, na bolti za kichwa cha injini cha aluminiamu hazisamehe makisio. Iko nafasi ya tano kwa sababu inaweza kuazimwa. Ukiwa nayo, usifungulie nati kwayo, na kila jioni irudishe kwenye namba ya chini kabisa ili springi isilegee.

6. Mashine ya kupimia gari

Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, unaoliwezesha gari kujikagua na kutoa namba za hitilafu kupitia tundu la kuchomekea mashine, kwa magari yake kuanzia ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanaweza kuwa na tundu la umbo lile lile na bado mashine ya bei rahisi isielewane nayo, kwa hiyo ijaribu kwenye gari la aina unayohudumia kabla fedha haijatoka mkononi. Inayosoma injini pekee, bila breki za ABS wala mifuko ya hewa, itakuchosha mapema.

Kwa mwenye mfuko mdogo, spana kuukuu ya Gedore, Britool au KTC ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Mdomo wake uchomekwe bolti mpya kuona kama umepanuka, na mpini ukaguliwe kama umewahi kuchomelewa au kusagwa. Alama za kusagwa zikiwa mahali ambapo jina la mwenyewe huchongwa, usiinunue, huenda imeibwa.