Ubao wa kupuliza wa kusimamia kwenye maji ya Lamu: ununue, lakini pezi lake libadilishe

Ubao wenyewe, wa kusimama juu yake na kupiga kafi, ni wa futi 10 na inchi 6 kwa urefu, inchi 32 kwa upana na inchi 6 kwa unene. Unauzwa kwa majina mengi na rangi nyingi, lakini ukifungua begi utakuta yaleyale: ubao uliokunjwa kama mkeka, pampu ya mkono, kafi la alumini la vipande vitatu, mapezi, kamba ya mguu, kikopo cha viraka na ufunguo wa valvu. Ubao peke yake una kilo 9 hadi 11. Kwa mji usio na barabara za gari, hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Begi linapita kichochoroni mgongoni mwa mtu mmoja, na akichoka punda yupo. Ubao mgumu wa faiba hautapinda hata kona ya kwanza ya mtaa wa Mkomani.

Kusimama juu ya chombo na kukisukuma si jambo geni Amu, yaani Lamu. Mwenye pondo na mtumbwi amefanya hivyo tangu zamani. Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulitoka Hawaii na kuenea duniani miaka ya 2000. Umekuja na faida moja ambayo mtumbwi hauna: unaelea kwenye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Ungeelea hivyo, tuseme, kama si pezi.

Tuanze basi na pezi, maana ndilo linaloharibu safari nyingi. Pezi la kati linalokuja na ubao huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 23. Limekusudiwa maji ya kina, lishike mstari ubao usiyumbe. Kwenye vijito vya kisiwa cha Manda, maji yanapoanza kupwa, sentimita hizo zinagota kwenye fungu la mchanga au kunasa kwenye mizizi. Ubao unasimama ghafla, aliye juu anaendelea na safari. Kuanguka si shida kubwa. Shida ni kwamba pigo lote linaishia kwenye kiboksi cha plastiki kilichogundishwa chini ya ubao, na kikianza kubanduka upande mmoja, kukigundisha tena kikashika ni kazi ya fundi kweli. Nunua pezi fupi la sentimita 10 hivi, la mpira unaopinda. Ubao utayumba kidogo zaidi, utabadilisha mkono wa kafi mara kwa mara, lakini utapita. Lile refu liweke kwa siku za kukata mlango wa bahari kwenda Shela.

Kabla ya kuagiza, tazama kiboksi ni cha aina gani. Kuna cha skrubu na kipande cha chuma kidogo kama ukucha, ambacho kikianguka mchangani ndiyo kwaheri. Nunua viwili vya akiba. Kuna na cha kuchomeka kwa pini ya plastiki, ambacho kwa mazingira yetu ni bora. Mapezi madogo ya pembeni, kama yameshikiliwa na ubao moja kwa moja, hupinda yakikaa yamekunjwa begini. Yamwagie maji ya moto, yanyooshe kwa mkono, kisha yapoze kwa maji baridi yakiwa yamenyooka.

Kujaza upepo kunaonekana kazi ndogo, na hapo wengi hukosea. Ndani ya ubao si uwazi mtupu kama godoro la kuogelea. Uso wa juu na wa chini umeshikanishwa kwa maelfu ya nyuzi fupi za urefu mmoja, na ndiyo maana ukijaa hautuni, unakuwa bapa na mgumu kama mbao. Ila ugumu huo unakuja ukifika PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 12 hadi 15, si kabla. Ukiuacha kwenye PSI 8, mtu wa kilo 80 akisimama unabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, maji yanapanda juu, na kila pigo la kafi linaishia kwenye kuyumba.

Valvu ina kijiti katikati chenye springi. Kibonyeze ukizungushe hadi kisimame juu, ndipo ufunge mpira wa pampu. Kikiwa kimebaki chini, utapampu dakika kumi, na ukifungua mpira upepo wote utatoka kwa kishindo cha kuwaamsha majirani. Anza na pampu inayojaza ukivuta na ukisukuma. Ikiwa nzito, karibu PSI 7 au 8, ng'oa kizibo chake cha pembeni ijaze ukisukuma tu. Usishangae mshale wa kipimo usipogeuka mwanzoni. Mara nyingi hauanzi kusoma mpaka ubao uwe tayari umeshika umbo. Ubao wa lita 300 hivi hutaka mikupuo kama 300 ya pampu. Fanya hivyo kivulini, kabla ya jua kupanda.

Na jua ndilo adui wa pili. Ubao uliojazwa PSI 15 saa moja asubuhi, kisha ukaachwa kwenye mchanga wa Shela saa sita, unaongezeka PSI mbili au tatu kwa joto tu. Ongezeko hilo peke yake halipasui kitu. Lakini joto hilohilo linalainisha gundi ya maungio ya pembeni, na shinikizo likikutana na gundi laini, ungio linaanza kuachana, kidogo kidogo, kwa mstari mweupe unaoonekana kando ya ubao. Ukiona mstari huo kwenye ubao wa kukodi, chagua mwingine. Kama lazima ubao ukae juani, utoe upepo mpaka PSI 10, au uache uelee majini umefungwa.

Kamba ya mguu inahitaji maelezo, kwa sababu ushauri wa mwambao wazi na ushauri wa mikoko hupingana. Kwenye mlango wa bahari wakati wa Kusi, ubao usio na kamba hukimbizwa na upepo haraka kuliko unavyoweza kuogelea, na hapo kamba ndiyo uhai wako. Kwenye kijito chenye mkondo, kamba hiyohiyo ya kifundo cha mguu ikinasa kwenye mzizi wa mkoko au kamba ya nanga ya mashua, mkondo unakulaza chini ya maji na mkono haufiki mguuni. Suluhisho ni kamba ya msokoto iliyofungwa kwenye mkanda wa kiuno, wenye kifundo cha kuvuta kinachofunguka mara moja. Haiji na begi, nunua kando. Wakodishaji wasio nayo ni wengi, na hilo ni kosa lao kubwa kuliko ubao mchakavu.

Kafi la alumini linatosha, basi. Marefu yake yawe kimo chako na sentimita 20 hivi juu. Bapa lake limeinama kidogo, na mwinamo huo unaelekea mbele, si nyuma, hata kama macho yanakwambia vingine. Chumvi na mchanga huingia kwenye maungio yake na kuyakamata, kwa hiyo litenganishe kila siku. Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na si ya kumwaga ovyo: ndoo moja na kitambaa vinatosha kwa kafi, valvu na ubao mzima.

Sasa mahali. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na safari inayostahili ubao huu ni kijito cha Takwa, kile kinachokaribia kukikata kisiwa cha Manda vipande viwili. Mwisho wake kuna magofu ya mji ulioachwa kwenye karne ya 17, msikiti wake wa Ijumaa una mnara wa nguzo juu ya ukuta wa kibla. Chombo hufika huko maji yakijaa tu, na hapa ndipo watu hudanganyika. Wanachagua bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu maji ni mengi. Lakini pwani yetu bamvua hujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na saa nne au tano asubuhi yamekauka. Ukiingia na maji ya jioni, utatoka gizani, maji yakikukimbia. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, nayo hujaa saa za asubuhi zinazofaa, lakini kina ni haba. Siku nzuri ni za katikati, takriban tarehe 5 hadi 7 za mwezi wa kuandama, na tena 19 hadi 21, ambapo maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Hakikisha kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari. Ingia maji yakiwa yanapanda, ufike saa moja kabla hayajajaa, na yakisimama anza kurudi. Mkondo una nguvu zaidi saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka. Usingoje mpaka huko.

Mizizi ya mkoko ina chaza, na chaza ni wembe. Mkato wake kwenye ubao hauonekani kwa jicho: mstari wa nywele, urefu wa punje ya mchele, pembeni ambapo ubao unagusa. Unaujua ubao unapolegea njiani. Mwagia povu la sabuni, mapovu madogo yatakuonyesha. Kausha kabisa, futa kwa asetoni, kwaruza kwa msasa mwembamba, paka gundi ya PVC pande zote mbili, ngoja dakika tano mpaka ishike kidole, paka tena, bandika na ukandamize. Saa 24 kabla ya kupuliza, si tatu. Kikopo cha viraka mara nyingi huja bila gundi, uliza. Ukianguka, anguka kwa mgongo, mwili umelala, usitangulize miguu: chini kuna chaza na samaki taa. Viatu vya mpira vaa.

Mlango wa Lamu wenyewe ni wa asubuhi. Wakati wa Kusi, maji yakitoka kuelekea baharini huku upepo ukiingia, mawimbi mafupi husimama karibu na Shela na ubao huu, ulio mwepesi na mpana, hucheza juu yake kama jani. Boti za kwenda uwanja wa ndege wa Manda na zile za Pate hazipunguzi mwendo. Ukiona wimbi la boti, elekeza kichwa cha ubao kwake, piga magoti. Na ukipita mbele ya mji, funika mwili: kikoi na fulana ya mikono mirefu hukinga jua na maneno kwa pamoja.

Ukinunua uliotumika, ujaze PSI 15 jioni, ufungue mpira, urudi asubuhi upime tena. Kupungua moja si neno. Ukipungua tatu na valvu ikiwa imekazwa kwa ufunguo wake, mahali pengine panavuja. Muuzaji asiyekubali ubao ulale na upepo anajua kwa nini.