Viza ya Italia kwa hija ya Vatikani: tathmini kwa mtu wa Lubumbashi

Anayetafuta "viza ya Vatikani" hapa Lubumbashi anatafuta kitu kisichokuwepo. Nchi hiyo ni hekta 44 tu, imezungukwa na mji wa Roma pande zote, haina uwanja wa ndege wala kituo cha kukagua paspoti. Mlango wake ni Italia. Kwa hiyo huduma tunayoipima hapa ni viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja) ya muda mfupi, aina C, inayoombwa kwa Waitalia. Tunaipa alama tatu kwa tano: masharti yanaeleweka na hesabu ya pesa ni ya haki kuliko watu wanavyodhani, ila kwa Mlushois, yaani mtu wa Lubumbashi, gharama halisi inapita mbali ile iliyotangazwa.

Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Uzito hasa uko kwenye alama za vidole: ni lazima uzitoe mwenyewe, na ambasade ya Italia iko Kinshasa. Ongeza basi ndege ya kwenda na kurudi kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, pamoja na kulala. Aliyekwisha kupata viza ya Schengen asisahau kwamba alama zake zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Aandike namba ya viza ile kwenye fomu, na aulize kabla ya kukata tiketi kama ni lazima afike tena.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Jibu hutolewa kwa siku 15, lakini sheria inaruhusu zifike 45. Anayekwenda kwa Pasaka na kuanza makaratasi wakati wa Kwaresima amechelewa.

Sasa pesa, maana hapa ndipo uvumi ni mwingi. Italia ina jedwali lake. Ukisafiri peke yako kwa siku 6 hadi 10, onyesha euro 44.93 kwa kila siku; siku 10 ni euro 449.30. Kwa siku 11 hadi 20 kuna kiasi cha kuanzia cha 51.64, kisha 36.67 kwa siku. Siku 14 zinafika 565.02. Mkiwa wawili au zaidi, kila mmoja anapungukiwa mzigo: siku 10 ni 263.30 tu. Hizo ni za kujikimu, tiketi ya ndege haimo. Kosa linaloangusha wengi ni kuazima dola za ndugu na kuziweka banki wiki moja kabla. Anayesoma relevé, yaani taarifa ya akaunti ya banki, haangalii salio la mwisho peke yake. Anaangalia mshahara au mapato ya biashara yanavyoingia mwezi kwa mwezi.

Kosa la pili ni letu sisi Wakongo: jina, postnom (jina la pili la Kikongo) na prénom (jina la kwanza). Paspoti ina matatu, banki imeandika mawili, attestation de service (barua ya mwajiri) imegeuza mpangilio. Sahihisha yote yafuate paspoti kabla ya kuondoka Lubumbashi, kwa sababu ukiwa Kinshasa hakuna wa kukupigia muhuri mpya. Paspoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Bima ifikie angalau euro 30,000, na ihesabu nchi zote za Schengen. Bima ya Italia pekee haikubaliki.

Barua ya paroko au ya jimbo kuu inasaidia kueleza sababu ya safari, basi. Wengine hudhani mkataba wa Kongo na Kiti Kitakatifu (uongozi wa Papa), uliotiwa saini 20 Mei 2016 na kuanza kazi Januari 2020, unafungua njia. Unagusa viza, ndiyo, lakini za watumishi wa Kanisa wanaokuja kuishi kwetu. Mlei anayetoka Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenda Roma hamo.

Ukikataliwa utapewa karatasi yenye sababu zilizotiwa alama. Isome kwa makini. Rufaa hupelekwa mahakama ya utawala ya Lazio, Roma, ndani ya siku 60, na inahitaji wakili wa huko. Kwa wengi ni nafuu kuomba upya baada ya kurekebisha kasoro iliyotajwa.

Ukifika, huduma ya Vatikani yenyewe haina lawama. Tiketi ya katekesi ya Papa ya Jumatano ni ya bure, hutolewa na ofisi ya nyumba ya Papa, anayekuuzia anakuibia. Kuingia Basilika ni bure pia. Usishangae polisi wanaokagua mifuko uwanjani Mtakatifu Petro kuwa Waitalia: Mkataba wa Laterano wa 1929 uliwaachia kazi hiyo, ingawa ardhi ni ya Papa. Beba paspoti, acha kisu kidogo hotelini, na fika mapema, kwa sababu foleni ya ukaguzi ni ndefu kuliko ile ya mlangoni.