Xantia ngumu na matufe mapya ya naitrojeni: uzoefu wangu

Matufe mapya ya Citroën Xantia, yaani mipira ya chuma yenye gesi ya naitrojeni na mafuta inayofanya kazi ya springi, nayapa tisa kwa kumi. Ile alama moja nayanyima kwa sababu huuzwa kama dawa ya kila mtikisiko, na Xantia inayogonga kila shimo si lazima iwe na matufe mabovu.

Kinachowapoteza wengi ni kimo. Gari la springi likichoka hulala upande mmoja, kila mtu anaona. La haidronyumatiki, yaani linalobebwa na gesi na mafuta yenye presha, halilali. Naitrojeni ikivuja, kirekebisha kimo huongeza LHM, mafuta ya mfumo huu, mpaka bodi irudi mahali pake, hivyo kwa macho gari ni zima huku mgongo wako unalia. Kilichopungua ni nafasi ya gesi. Chukua mfano wa tufe la sentimita za ujazo 400 lililojazwa bar 50. Uzito wa gari ukiibana gesi hadi bar 80, inabaki na sentimita za ujazo 250. Tufe hilohilo likishuka hadi bar 25, zinabaki 125 tu, na ugumu umeshakuwa mara mbili. Gesi hupenya kiwambo cha mpira kinachoitenga na mafuta, polepole, hata pasipo hitilafu yoyote. Ndiyo maana dereva mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Abiria wa nyuma ndiye anayelalamika.

Kipimo ninachokiamini hakihitaji chombo. Washa injini, weka wenzo wa kimo kwenye nafasi ya kawaida, subiri gari litulie, kisha gandamiza kona ya nyuma kwa uzito wa mwili. Tufe zima huzama kwa ulaini na kurudi bila kudunda. Lililokwisha ni kama kusukuma ukuta: tairi linabonyea, bodi haiendi popote. Zunguka kona zote nne.

Akumuleta, tufe linalohifadhi presha ya pampu, ni jambo jingine. Ile “tik” ya regyuleta (kidhibiti cha presha) injini ikinguruma taratibu ni pampu ikiunga na kuachia, kati ya takriban bar 145 na 170. Ikilia kila sekunde mbili tatu, akumuleta imekwisha. Ibadilishe ili kuiokoa pampu, ila usitegemee ikulainishie safari.

Kwenye Hydractive 2, Xantia ambayo kompyuta huibadilisha kati ya hali laini na ngumu, ndiko pesa hupotea. Kuna tufe la ziada katikati ya kila ekseli, na mafundi wengi hubadilisha manne ya magurudumu wakayaacha hayo mawili. Tena, vali ya umeme ikikosa umeme mfumo hubaki kwenye hali ngumu, hata matufe yote yawe mapya. Fungua mlango, gandamiza bodi: hapo vali inapaswa kupata umeme kwa muda na gari lilainike. Lisipolainika, anza na fyuzi, nyaya na plagi ya vali kabla hujanunua chochote.

Kama gari limesimama juu kuliko kawaida, viungo vya kirekebisha kimo huenda vimeshika kutu. Magurudumu yanafika mwisho wa mwendo wao na kugonga wakati wa kushuka. Likiwa chini mno, linagonga mipira ya kuzuia. Nyuma, angalia beringi za mikono inayoshika magurudumu: magurudumu yakiinamia ndani kwa juu, na kukiwa na mlio wa kukwaruza gari likipanda au kushuka, tufe halina kosa.

Kufunga ni kazi nyepesi ukitoa presha kwanza. Legeza skrubu ya regyuleta kwa spana ya 12 mzunguko mmoja hivi, usiitoe kabisa, maana ndani yake kuna gololi ndogo inayopotea kirahisi. Gari litashuka, kwa hiyo likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Tufe la zamani hutoka kwa spana ya mnyororo. Jipya weka ringi mpya ya mpira, ipake LHM, kaza kwa mkono tu. Mafuta yapime injini ikiwa inawaka na gari likiwa kwenye kimo cha juu kabisa. Mafuta ya kawaida ya breki yasiingie humo hata tone, yanaharibu sili zote. Na LDS ya rangi ya chungwa, ya Citroën C5, haichanganywi na LHM ya kijani.

Kujaza upya matufe ya zamani? Ni nafuu, na inafaa kiwambo kikiwa kizima. Kikipasuka, mafuta hujaa upande wa gesi na hakuna cha kujaza tena. Mimi hununua mapya yenye kiwambo cha tabaka nyingi, hushika gesi muda mrefu zaidi.

Kabla ya kulipa, soma namba iliyopigwa kwenye tufe. La mbele na la nyuma hutofautiana presha na tundu la kupunguza mwendo wa mafuta, ingawa uzi ni mmoja na yote yataingia vizuri kabisa. Gari likitoka kwa fundi na matufe mapya lakini nyuma bado ni gumu, namba hiyo ndiyo ya kwanza kuitazama.