Amplifaya ya kinanda ya kubeba safarini: ipi ununue ukiwa Lamu au Malindi na pesa si nyingi

Mpiga kinanda wa Malindi aliyealikwa harusi Amu, yaani mji wa Lamu, hupanda basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, hushusha mizigo gatini, huvuka kwa boti, kisha huingia kwenye vichochoro ambamo gari halipiti. Kuanzia hapo ni bega lake, hamali au punda. Kwa kazi ya namna hii, wati ndizo za kuulizwa mwisho. Uliza kwanza kama utaweza kuibeba mwenyewe pamoja na kinanda. Kisha uliza jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: chaji ikikuishia Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, nguvu nyingine utaipata wapi usiku huo huo? Nimezipanga amplifaya hizi kwa maswali hayo mawili, na bei nimeifanya ya tatu.

Kabla ya kuzipanga, ondoa akilini amplifaya ya gitaa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Waya mnene wa chini kabisa wa gitaa la kawaida hutoa mitetemo 82 hivi kwa sekunde, ilhali kitufe cha mwisho cha kushoto kwenye kinanda cha vitufe 88 ni 27.5. Huko juu nako spika ya gitaa huanza kukata sauti kwenye 5,000 hivi, na hapo ndipo ulipo mng'ao wa sauti za fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) unazozichagua kwenye kinanda chako kwa ajili ya taarabu. Ukipigia humo, fidla hugeuka mluzi mzito na besi huvuma bila noti kusikika. Kinanda kinataka spika inayotoa sauti yote bila kuongeza ladha yake.

Ya kwanza: Roland KC-220, au KC-110 iliyotumika

Hii ndiyo ningemshauri mtu anunue kama ana pesa za amplifaya moja tu. Ina wati 30, spika mbili za inchi 6.5 zinazotenganisha kushoto na kulia, tundu la maiki ya mwimbaji, na uzito wa kama kilo 7. KC-110 ni kaka yake mkubwa, haitengenezwi tena, lakini iliyotunzwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini.

Ila kilichoifanya iwe ya kwanza ni kwamba hutumia betri nane za AA, zile za rimoti. Hakuna kisiwa chenye duka kisichouza betri za rimoti. Bi harusi akiwa bado hajatolewa na sauti imeanza kukwaruza, mtoto anatumwa dukani na baada ya dakika chache mnaendelea. Hilo huwezi kulifanya na betri ya kampuni inayoagizwa Nairobi au Dubai.

Angalia tu ni betri gani unazoletewa. Zile za bei ya chini kabisa, za kaboni, zinafaa saa ya ukutani; amplifaya huzimaliza upesi. Taka za alikalaini. Na kama unapiga mara kwa mara, nunua seti mbili za betri za kuchaji aina ya nikeli pamoja na chaja yake, kwani hizo ndizo zitakazookoa mfuko wako kwa mwaka mzima. Betri ya nikeli ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo nane hutoa 9.6 badala ya 12. Jaribu nyumbani kwa sauti utakayotumia kazini kabla ya kuzitegemea kwenye shughuli.

Kuhusu wati 30, watu wengi hudharau. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kinachobadilisha mambo ni mahali. Kwenye ua wa nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, Amu, kuta hurudisha sauti na wati 30 zinawatosha kina mama waliokaa kwenye mikeka, tena kwa raha. Ufukweni Malindi, hakuna ukuta, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Pale hata amplifaya mara mbili ya hii haitoshi, na mwenye shughuli hukodi spika kubwa. Kazi ya amplifaya yako basi ni kukusikilizisha wewe na mwimbaji, huku ukituma sauti kwenye spika za kukodi kupitia tundu lililoandikwa Line Out. Kwa kazi ya namna hiyo usinunue amplifaya yoyote isiyo na tundu hilo.

Ya pili: spika ya betri yenye mikisa (ya kuchanganyia sauti) ndani

Bose S1 Pro na JBL EON ONE Compact ndizo zinazojulikana zaidi. Kwa sauti zinaipita Roland bila ubishi. S1 Pro ina kilo 7 hivi na kampuni inasema betri yake hufika saa 11. Ile ya JBL ina kilo 8, saa 12, na betri inayotolewa na kubadilishwa kwa urahisi. Kama umeshaanza kuitwa hotelini Shela au Watamu, ambako wageni husikiliza huku wakila na sauti safi ndiyo inayokurudisha wiki ijayo, weka akiba ununue mojawapo.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka hata ukiitunza. Anayenunua iliyotumika aulize bei ya betri mpya kabla ya kukubaliana. Tena kuna ndege: ukiruka hadi uwanja wa Manda, soma kwenye betri idadi ya wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Chini ya 100 kwa kawaida hupita. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali kwanza. Betri ya akiba hubebwa mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini. Ikiwa hazikuandikwa, zidisha volti kwa ampia-saa: volti 14.4 na ampia-saa 5 ni wati-saa 72.

Ya tatu: Roland Mobile Cube

Kilo 2.5, wati 5 kwa jumla, betri sita za AA. Huingia kwenye mkoba. Inafaa mazoezi, kufundishia watoto, au kumsindikiza mwimbaji mmoja barazani. Ngoma moja ikianza kupigwa, imezama.

Ya nne: za kuchomeka ukutani

Behringer KT108 ya wati 15 na K450FX ya wati 45 ni rahisi na sauti yake ni ya heshima. Kwa anayepigia nyumbani au ukumbini Malindi penye jenereta ya uhakika, hana haja ya kutumia zaidi. Kwa safari za visiwani siishauri.

Spika za sherehe zinazoungwa kwa Bluetooth ziache kabisa kwa kazi hii. Sauti huchelewa kidogo kati ya kidole na sikio, na mpigaji hupotea kwenye mwendo.

Ukiletewa na jamaa kutoka Dubai, plagi ni ya pini tatu kama yetu na umeme unalingana. Kutoka Marekani soma adapta: ikiwa imeandikwa 120V pekee, 240 zetu zitaiunguza, inayosema 100–240V haina tatizo. Tenga pia pesa ya begi lisilopitisha maji, maana wakati wa kusi boti ya Mokowe hurusha maji, na chumvi hula matundu ya waya kabla ya kula kitu kingine.

Dukani nenda na kinanda chako na waya wako. Piga vitufe vya kushoto kwa nguvu, sauti ikiwa robo tatu, usikilize kama spika inatetemeka. Zungusha kila kidude polepole. Kinachokwaruza kimeingia vumbi au chumvi. Halafu chomoa adapta huku ukiendelea kupiga, na upige nyimbo mbili nzima kwa betri kabla hujatoa pesa.