Mbolea ya ruzuku: uzoefu wangu na mamangu, Mwakirunge

Majirani huniuliza kama mbolea ya serikali ya bei nafuu hufika kweli huku Mombasa, au ni ya wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia tu. Hufika. Lakini humfikia mwenye namba ya simu, na hapo ndipo sisi tulipokwama msimu mzima.

Mamangu analima ekari moja na nusu: mahindi, kunde, na mihogo pembeni. Yeye ndiye anayeshika jembe, yeye ndiye anayefukuza ngedere alfajiri. Walipopita waandikishaji na mzee wa mtaa hawakumuuliza hati ya shamba, na kwa hilo nashukuru sana, maana wengi wa huku wamezaliwa na kuzeekea kwenye ardhi isiyo na hati. Walitaka kipande (kitambulisho), ukubwa wa shamba, aina ya zao na namba ya simu. Mama hakuwa na laini yake, ikaandikwa namba ya kakangu. Haikupita miezi miwili kaka akapata kazi Qatar, laini ikazimwa.

Ruzuku hii si pesa ya kutiwa mkononi, kama wengi wanavyodhani. Serikali inalipa sehemu ya bei, wewe unamalizia. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 uliwekwa shilingi 3,500, na 2023 ukateremka hadi 2,500. Ukiwa umesajiliwa unaletewa ujumbe wa vocha unaokwambia unastahili mifuko mingapi, unalipia, kisha unakwenda ghalani na kipande. Mifuko inahesabiwa kwa ekari, kwa hivyo mwenye shamba kubwa hupata zaidi. Na kama ujumbe haujakuja, ghalani utarudishwa tu.

Masika yalipoanza, majirani wakawa wanapokea ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa akinipigia kila jioni kwa simu ya kuazima: "Mwanangu, yangu bado?" Mwishowe nikamnunulia mfuko mmoja kwenye duka la pembejeo, kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya ruzuku. Kawaida yake ni kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Mwaka ule nilimuona akijaza kizibo nusu, anakitikisa, anapunguza tena, ili mbolea ifike hadi mstari wa mwisho. Haikufika. Mahindi ya upande wa bondeni yaligeuka manjano yangali magotini.

Kurekebisha namba kulinichukua safari tatu. Mara ya kwanza mhusika hayupo. Mara ya pili wanataka kipande chenyewe, nakala hawaipokei. Mara ya tatu nikaenda na mama mwenyewe, na laini mpya iliyosajiliwa kwa jina lake, na kazi ikaisha kwa dakika kumi. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu, alimsomea mama maelezo yake yote kabla ya kuyahifadhi. Ningependa waandikishaji wote wafanye vivyo hivyo.

Msimu uliofuata ujumbe ulikuja. Mifuko miwili, 5,000 jumla, nauli ya tuktuk kando. Ya kupandia ilikuwapo. Ya kukuzia ikatubidi turudi wiki iliyofuata, na nauli ikatoka tena. Hata hivyo, kwa bei hiyo, naisifu huduma hii bila kusita. Mahindi ya bondeni safari hii yalikuwa kijani kibichi hadi kubeba.

Linaloniumiza ni jirani yetu, mama wa watoto wanne anayekodi nusu ekari inayopakana na shamba letu. Shamba limeandikishwa kwa jina na namba ya mwenye ardhi, ambaye anakaa Nyali na hajapanda hata punje. Ujumbe unaingia kwake, na huyu mama ananunua mbolea dukani kwa kupimiwa kilo. Mkulima wa kukodi naye anaweza kuandikishwa kwa anacholima, ila hakuna aliyemwambia. Nimeshamnunulia laini. Ijumaa nampeleka kwa chifu.