Ubao wa magoti, boya, skii au wekibodi: kipi ununue kwanza unapoanza kuvutwa na boti Dar

Wengi wanaoanza michezo ya kuvutwa na boti hukimbilia skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, kwa sababu ndizo walizoziona kwenye video. Mpangilio wetu ni tofauti, na hauanzi na chombo cha kupanda. Unaanza na jaketi na kamba, kwa kuwa chombo kibaya kitakuangusha tu, lakini kamba mbovu inajeruhi hata walio botini.

Jaketi okozi. Chukua la povu lenye mikanda ya kubana mbele, ikiwezekana minne. Achana na lile la kujijaza upepo: ukianguka kwa kasi linaweza kufyatuka au kupasuka. Yale ya rangi ya chungwa ya abiria hupanda usoni maji yakikupiga. Lijaribu dukani: funga mikanda yote, nyoosha mikono juu, mwenzako alivute mabegani. Likifika masikioni, ni kubwa. Mtu mzima hupima kwa kifua, mtoto kwa uzito. Alama ya 50 N (nyutoni, kipimo cha nguvu ya kukuelesha) inamfaa anayejua kuogelea; asiyejiamini majini achukue 100 N.

Kamba. Hapa ndipo watu wanapobana pesa pasipostahili. Kamba ya boya (mpira wa kujazwa hewa unaokaliwa) la mtu mmoja ihimili angalau kilo 680 kabla ya kukatika, la wawili kilo 1,077, watatu 1,520, wanne 1,860. Boya likichimba pua kwenye wimbi, mvuto hupanda ghafla, na kamba nyembamba ya skii haiwezi kuhimili. Urefu uwe mita 15 hadi 20 kwa boya, na kama mita 23 kwa skii.

Ukienda Kariakoo au Feri utauziwa nailoni ya wavuvi. Nguvu inazo, ila inazama na inanyumbuka mno. Ikizama inanaswa na rafadha, yaani propela ya mashine; ikikatika inarudi botini kama manati. Omba kipande cha urefu wa kiganja ukitumbukize kwenye ndoo ya maji: polipropilini inaelea, nailoni inakwenda chini. Na kama muuzaji hana karatasi inayoonyesha uzito inaohimili, hiyo ni kamba ya kufungia mizigo.

1. Ubao wa magoti

Huu ndio wa kwanza kwa anayetaka kujifunza. Unakwenda kwa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, na mtu yuko chini, kwa hiyo hata akianguka haanguki kutoka mbali. Boti nyepesi ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40 inauweza.

Nunua wenye ndoano ya kishikio puani. Bila ndoano, mgeni anatakiwa kushika kamba na kupanda kwa wakati mmoja, na wengi hushindwa hapo. Lala kifudifudi, viwiko juu ya ubao, kishikio kikiwa kwenye ndoano. Boti ivute polepole. Ubao ukishaelea juu ya maji, vuta magoti mpaka kwenye mashimo yake, kalia visigino, kisha chukua kishikio. Pua ikichimba, umesogea mbele mno. Ikiinuka na ubao kuyumba, uko nyuma. Mkanda wa mapajani uwe mpana, wa kunata, unaoachia kwa mvuto mmoja. Mizunguko ya mwanzo uache wazi: ubao ukipinduka na mkanda usiachie, kichwa kinabaki chini ya maji.

2. Boya la watu wawili

Kwa familia hili linashinda, ingawa halikufundishi chochote. Tafuta lenye ganda la kitambaa cha nailoni juu ya mpira, na vishikio vyenye mto wa kukinga vidole. Lijaze mpaka liwe gumu. Boya legevu linakokota maji na kufumua mishono ya mkanda wa mbele. Likiachwa juani ufukweni hewa hutanuka, kwa hiyo punguza kidogo, uongeze ukiingia majini. Watoto wasizidi kilomita 24 kwa saa, wakubwa 32. Ajali nyingi hutokea kwenye kona: boti ikikata, boya linazunguka kwa nje kwa kasi kuliko boti yenyewe. Mwambie nahodha hilo mapema.

3. Skii pana za jozi

Zinahitaji maji tulivu na mashine yenye nguvu zaidi; mtu mzima huvutwa kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Magoti kifuani, mikono imenyooka, acha boti ikuinue. Anayejivuta kwa mikono huanguka chali kila mara.

4. Wekibodi

Huu ni ubao mmoja unaosimamiwa kiubavu, miguu yote ikiwa imefungwa juu yake. Isubiri. Ukingo wa mbele ukinasa, uso ndio unaopiga maji. Ukinunua, chagua kwa uzito wako na viatu vilivyo wazi vidoleni.

Lini na wapi

Ghuba ya Msasani huwa tulivu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, muda huo wa utulivu ni mfupi; wakati wa maleleji, Oktoba na Novemba, ni mrefu zaidi. Angalia maji pia. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa huacha mafungu na matumbawe mahali ulipopita saa chache nyuma. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu, basi kaa mbali na miamba yake. Ukivipeleka vifaa ziwani, Victoria kwa mfano, kumbuka kuwa maji yasiyo na chumvi yanakuelesha kidogo kuliko ya chumvi, na kwenye magugu ya kando kuna konokono wa kichocho.

Botini wawe wawili: mmoja anaendesha, mwingine anamtazama anayevutwa. Mashine izimwe kabisa kabla ya kumpandisha mtu.

Vya mtumba

Wageni wanaohama Masaki huuza vifaa vizuri. Ubao na skii vikague nyufa kwenye matundu ya skrubu. Boya lijazwe mbele yako, lipakwe maji ya sabuni kwenye mishono na vali, usubiri nusu saa. Kamba ya mtumba usinunue hata kidogo. Jua hula nyuzi kabla macho hayajaona.